Dikoda, Erial na Bando: Nani Anailipia Televisheni ya Kipsongo?

Kampuni ya Nielsen, inayopima utazamaji wa televisheni nchini Marekani, iliripoti kwamba mwezi Mei 2025 Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kutazama vipindi vya intaneti kuliko vya kebo na vya erial vikijumlishwa: asilimia 44.8 dhidi ya 44.2. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakizikata kebo zao, na hesabu yao ni nyepesi. Bili ya kebo ni kubwa, intaneti ya nyumbani tayari imelipiwa kwa mwezi, na erial ya bei ndogo inaleta stesheni za mjini bila malipo yoyote. Anayekata kebo anaokoa pesa na hapotezi mengi.

Ushauri huo umefika Kenya kama ulivyo. Fundi wa simu mjini Kitale atakuambia uachane na dikoda, ununue televisheni inayoshika intaneti, ufungue YouTube, basi. Mpangaji wa Milimani, mtaa wa wenye nafasi, mwenye waifai ya mwezi atamsikiliza na atafaidika. Ukiuchukua ushauri huohuo ukashuka nao hadi Kipsongo, hesabu inapinduka.

Kipsongo ni mtaa wa mabanda pembezoni mwa Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia. Wakazi wake wengi ni Waturkana ambao wazazi na babu zao walishuka kutoka kaskazini wakikimbia ukame na wizi wa mifugo. Wamechanganyika na watu waliotoka Bungoma na kwingineko kutafuta vibarua katika nchi ya mahindi. Nyumba ni za udongo na mabati makuukuu, nyingine zimeezekwa nailoni. Pesa inaingia kwa siku: kuokota chuma na chupa, kubeba mizigo sokoni, kupalilia shamba la mtu, kufua nguo za watu. Hakuna kampuni iliyowahi kuchimba mtaro wa kebo ya televisheni hapa, kwa hiyo hakuna kebo ya kukatwa. Kilichopo ni dikoda ya kulipia, erial juu ya mti, simu mkononi, na kibanda cha kutazama mpira. Familia inahama kati ya vitu hivi vinne kulingana na pesa ya wiki ile.

Ninachoshikilia ni hiki: kwa mtaa kama huu erial ndiyo televisheni, na intaneti ni nyongeza. Wanaopanga mambo ya utangazaji nchini wameikimbilia nyongeza na kuiacha televisheni yenyewe ijitafutie.

Tuanze na ilivyokuwa. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Kwa muda mrefu stesheni ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, iliyorudishiwa jina la KBC mwaka 1989. KTN ikaja mwaka 1990, NTV mwaka 1999, na Citizen ikapata nguvu katikati ya miaka ya 2000 kwa vipindi vya Kiswahili vilivyozungumza kama watu wanavyozungumza. Televisheni ya kulipia ilikuwa ya wenye dishi, nao walikuwa wachache. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilijaribu kuushusha mpira wa Uingereza kwa bei ya chini. Tarehe 30 Januari 2009 ikafunga biashara ghafla katika nchi zote ilimokuwa, na wateja wakabaki na madishi yasiyoonyesha kitu. Kisha zikaja GOtv mwaka 2011 na StarTimes mwaka 2012. Hizi zilileta jambo jipya: dikoda inayotumia erial, vifurushi vidogo, na malipo kwa M-Pesa. Hapo ndipo televisheni ya kulipia ilipoingia mabandani.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inahama kutoka analogi kwenda dijitali. Makubaliano yalikuwa yamefikiwa Geneva mwaka 2006, na tarehe ya mwisho iliyowekwa ilikuwa 17 Juni 2015. Tanzania ilitutangulia. Ilianza kuzima mitambo ya analogi Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012. Kenya ilikwama mahakamani. Kampuni zinazomiliki Citizen, NTV na KTN zilitaka leseni ya kusambaza mawimbi zenyewe badala ya kubebwa na Signet ya KBC na kampuni ya Kichina ya PANG. Pia hazikutaka GOtv na StarTimes zichukue vipindi vyao na kuviuza ndani ya vifurushi. Mahakama ya Juu iliamua Septemba 2014 kwamba kubeba chaneli za bure kwenye dikoda za kulipia hakukuwa wizi. Tarehe 14 Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ikazima mitambo ya analogi ya stesheni hizo, na kwa karibu wiki tatu Wakenya wengi walikaa bila chaneli walizozizoea kuliko zote. Ziliporudi mwanzoni mwa Machi zilikuwa dijitali.

Historia hiyo husimuliwa kama vita vya wakubwa, na ni kweli ilikuwa hivyo. Mimi najali zaidi kilichotokea chini. Mwenye televisheni ya mgongo alihitaji dikoda ili iendelee kuonyesha, na siku zile dikoda zilizotangazwa kila mahali, kwa mabango na magari yenye vipaza sauti, ni zile za kulipia. Vyombo vya habari vyenyewe vilikuwa vinawaambia watazamaji wasizinunue dikoda za washindani wao. Katika makelele hayo, watu wengi walibaki na imani moja ambayo haijafutika: dijitali ni ya kulipia kila mwezi. Hadi leo utamkuta mtu aliyeweka televisheni yake kabatini kwa sababu dikoda imekatwa, wakati ile televisheni, kama ni bapa na ya miaka ya karibuni, ina kipokezi cha dijitali cha DVB-T2 ndani yake. Anachokosa ni erial ya shilingi mia kadhaa na mtu wa kumwonyesha kitufe cha kutafuta chaneli. Kama ni ya zamani, dikoda ya bure hununuliwa mara moja kwa shilingi elfu mbili au tatu hivi, na haidaiwi tena. Kosa hili la taarifa limewagharimu maskini wa nchi hii pesa nyingi.

Kufunga erial Kitale nako kuna ujuzi wake. Mawimbi ya dijitali hayafifii polepole kama ya analogi, ambayo yaliacha picha yenye chenga lakini sauti ikasikika. Haya yanashika au hayashiki. Magharibi umesimama Mlima Elgon, mashariki milima ya Cherangany, na bonde likikaa nyuma ya kilima halipati kitu hata kama mtambo hauko mbali. Ndiyo maana fundi hapimi kwa dira. Anapanda, anashika nguzo, anazungusha kidole kwa kidole.

“Mama, imeshika?”

“Bado, fundi. Inakatakata.”

“Na sasa?”

“Rudisha kidogo… hapo! Hapo hapo, usiguse!”

Kisha anafunga waya wa kubania, anashuka, anaskani, na chaneli zinaanza kujiorodhesha kwenye kioo: KBC, Citizen, NTV, KTN, K24, na nyuma yao msururu wa stesheni za injili na za lugha za kwetu. Baadhi ya mafundi huinua nguzo ya mti wa mkaratusi, kwa sababu futi chache tu zinatosha kuivusha erial juu ya mabati ya jirani. Kazi hiyo inalipwa mara moja. Mama ataitazama taarifa ya saa moja miaka mitano bila kutuma shilingi kwa mtu yeyote, ila tokeni ya stima.

Na stima isipokuwepo? Hilo nalo limepata dawa ya nusu. Mwaka 2016 kampuni ya M-KOPA ilianza kukopesha televisheni ndogo ya dijitali inayotumia sola, mtu akalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Malipo ya namna hiyo yanakutana sawasawa na jinsi pesa ya Kipsongo inavyoingia. Ubaya wake ni kwamba usipolipa mtambo unajifunga, na hata chaneli za bure zinafungwa pamoja nao. Mradi wa StarTimes wa kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, uliotangazwa mwaka 2015 na kutengewa vijiji 800 hapa Kenya, ulitoa madishi na televisheni kwa shule na zahanati. Ulifanya jema, lakini ulijengwa juu ya dikoda ya kampuni ya kulipia, na chaneli za bure hapo ni zile kampuni inazoziruhusu. Erial haina mwenyewe wa namna hiyo. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na haitangazwi kwa sababu hakuna anayepata faida kuitangaza.

Basi kama erial ni ya bure na inafanya kazi, kwa nini watu bado wanalipia dikoda? Jibu ni mpira.

Ligi Kuu ya Uingereza iko mikononi mwa SuperSport, na SuperSport iko ndani ya DStv na GOtv. Ukiondoa mpira, mashabiki wengi ninaowajua wangeacha kulipia kesho asubuhi. Mtu mmoja mmoja mtaani hawezi kulipia kifurushi chenye mechi zote, kwa hiyo analipa kibandani. Ukuta wa mabati, viti vya mbao ndefu juu ya mawe, televisheni mbili zimetundikwa juu, na mlangoni ubao mweusi umeandikwa kwa chaki: Arsenal saa kumi na moja, Man U saa moja na nusu. Kiingilio ni shilingi 20 au 30, na mechi kubwa hupanda. Kibanda hiki kinaeleweka vibaya na watu wa mjini wanaokiona kama uchochoro wa vijana wavivu. Kwa hakika ndicho chama cha ushirika cha televisheni: watu hamsini wanachangia dikoda moja. Hakuna mtandao wa kutiririsha mechi unaoweza kuishinda bei hiyo. Dakika tisini za mpira kwa simu zinakula bando la bei kubwa kuliko kiingilio, na zinafika nyuma ya wakati, kelele za goli zikiwa zimeshasikika kutoka kibandani.

Showmax, mtandao wa kutiririsha, ilijaribu njia hiyo Februari 2024, ilipojiunda upya na kuuza Ligi Kuu ya Uingereza kwenye simu peke yake. Wazo lilikuwa zuri, nalo liligonga ukuta uleule wa gharama ya data. Kampuni mama, MultiChoice, yenye DStv na GOtv, ilikuwa imeshaanza kupoteza wateja wa dikoda kwa mamilioni barani kote, na Septemba 2025 ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Upotevu huo wa wateja unaonyesha kwamba kukata dikoda kumeanza kweli Afrika. Lakini anayekata kwa sababu amepata waifai na anayekata kwa sababu unga umepanda bei wanahesabiwa pamoja, na hawako safari moja.

Huku kwetu mpira una jeraha la ndani pia. SuperSport ilipojiondoa katika ligi ya Kenya mwaka 2017, ligi yetu ilikaa misimu kadhaa bila televisheni ya kutegemewa. Ni wakati uleule Nzoia Sugar ya Bungoma ilikuwa ikicheza daraja la juu, timu ambayo mtu wa Kitale angeweza kuiendea kwa matatu. Kijana wa Kipsongo alikua akiyajua majina ya wachezaji wa akiba wa Chelsea na asimjue mlinda lango wa timu ya jirani. Uingereza, inakotoka ligi ya Chelsea, sheria ya utangazaji ya mwaka 1996 inataka fainali za Kombe la Dunia, Olimpiki na fainali ya Kombe la FA ziweze kuonekana kwenye televisheni ya bure. Afrika Kusini nayo, nyumbani kwa SuperSport, ina kanuni za michezo ya kitaifa. Hizi ni nchi tajiri kuliko yetu, na bado ziliona kwamba kuna mechi ambazo haki zake haziuzwi zote. Kenya ikiisimamia kanuni ya namna hiyo kwa ukali, Harambee Stars kwanza, dikoda itapoteza nusu ya nguvu iliyonayo juu ya maskini.

Sasa intaneti. Hapa inafaa tukae na penseli.

Netflix yenyewe husema saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, na ya HD hadi GB 3. YouTube ukiiteremsha hadi picha ndogo kabisa hula sehemu ndogo ya hiyo. Vijana wanajua: wanatazama kwa 144p, nyuso zikiwa madoa, ili bando lifike jioni. Bando linalopendwa sana mtaani ni lile la GB 1 ya saa moja kwa shilingi 20 hivi. Limetengenezwa kwa akili, kwa sababu linafanana na bei ya kibanda. Lakini tuseme nyumba inataka saa mbili tu kwa siku, taarifa na tamthilia moja. Ni shilingi 40 kwa siku, shilingi 1,200 kwa mwezi. Hiyo ni pesa ya kulipia kifurushi cha kati cha GOtv au StarTimes, ilhali wanachotazamia ni kioo cha simu cha inchi sita, na watoto watatu wamebanana begani kwa mama. Televisheni ya kawaida ya nyumba yenye watoto huwaka saa nne au tano. Mara mbili ya hiyo bei, basi, na zaidi.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Kipsongo aache kulipia televisheni atiririshe, unamwambia aache kulipa kwa mwezi aanze kulipa kwa dakika. Serikali nayo inakula humo. Ushuru wa bidhaa kwenye data ulikuwa asilimia 20 hadi ulipopunguzwa kuwa 15 mwaka 2023, na juu yake kuna VAT. Mawimbi yanayoshuka kwenye erial hayatozwi kitu kwa mtazamaji.

Sensa ya mwaka 2019 inatoa kipimo cha umbali uliobaki. Nyumba zenye televisheni inayofanya kazi zilikuwa asilimia 40.7, zenye redio asilimia 56.9, na zenye intaneti ya nyumbani asilimia 17.9. Hali imesogea tangu hapo, nyaya za faiba zimefika miji ya kaunti na mtandao wa 5G umeenea. Hata hivyo mpango wowote wa utangazaji unaodhani kila mtu tayari ana waifai unaiandikia nchi nyingine.

Kuna waliojaribu kuleta filamu za mtandaoni bure. Septemba 2021 Netflix ilifungua kifurushi cha bure kwa simu za Android nchini Kenya, bila kadi wala malipo, na filamu nyingi ndani. Tarehe 1 Novemba 2023 ikakifunga. Mapema mwaka ule ilikuwa imeshusha bei ya kifurushi cha simu hadi shilingi 200 kwa mwezi, bei ambayo kweli ilikuwa ndogo. Hata pale ada ilipokuwa sufuri, bando lilikuwa linalipwa. Bure ya kampuni ina siku yake ya kwisha, na mteja haulizwi.

Nisieleweke vibaya. Intaneti imewaletea watu wa mitaa hii vitu ambavyo erial haikuwahi kuvileta. Mwanafunzi wa Kipsongo anayerudia somo la hesabu mara tatu kwa YouTube hawezi kufanya hivyo na televisheni. Mturkana anayetaka nyimbo za nyumbani kwao kwa lugha yake hazipati kwenye stesheni za Nairobi, anazipata kwenye simu. Na nyumba kumi zikishirikiana waifai moja isiyopimwa kwa GB, hesabu yote niliyoifanya juu inabadilika. Tuseme laini ni shilingi 2,000 kwa mwezi: kila nyumba inatoa 200. Hapo kutiririsha kunakuwa nafuu kuliko dikoda, na ushauri wa Wamarekani unaanza kusema kweli. Intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaanza kukodisha vifaa vyake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, wenye ploti wengi waliona mlango huo. Kuuzia majirani kunahitaji leseni, na kifurushi cha nyumbani hakikukusudiwa hivyo, kwa hiyo wengi wanafanya kwa kujificha. Kinachokosekana ni leseni ndogo, ya bei ndogo, ya mtu wa mtaa kuuza waifai kwa majirani zake kihalali. Serikali imeahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma. Hata vikikamilika, waifai ya soko haifiki chumbani saa mbili usiku.

Kati ya erial na intaneti kuna njia ya tatu ambayo takwimu haziioni: flashi. Duka la muvi lina kompyuta moja na orodha ndefu. Unapeleka flashi yako, unachagua, unalipa shilingi chache kwa kila filamu, unarudi nyumbani na kuichomeka kwenye televisheni. Bando limelipwa mara moja na mwenye duka, halafu watu mia wanatazama. Wengi huchukua filamu za DJ Afro, anayezisimulia kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti ya asili, na kwa kuwa mpaka wa Uganda uko karibu, pande za Suam na Malaba, zinavuka pia zile za kina VJ wa Kampala. Ni ukiukaji wa hakimiliki, hilo halina mjadala, na wasanii wa Kenya wanaumia humo kama Hollywood inavyoumia. Lakini mfumo huu unaeleza soko linataka nini: hadithi kwa lugha inayoeleweka, inayolipiwa mara moja, isiyodai mtandao. Tamthilia nyingi za Kiswahili zilizotengenezwa kwa ubora miaka ya karibuni zimewekwa kwenye chaneli za kulipia za Maisha Magic. Wanaozifurahia zaidi ndio wasioweza kuzilipia.

Upande mmoja wa suala hili hauhusu pesa. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo chake Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe, na bado zilikaa gizani siku kadhaa, Citizen hadi tarehe 8 Februari. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV na KTN yakazimwa hadi mahakama ilipoingilia. Mara zote mbili stesheni ziliendelea kwenye intaneti. Mwenye bando aliona, mwenye erial peke yake hakuona. Na intaneti nayo haina kinga: tarehe 25 Juni 2024, siku Bunge lilipovamiwa, mtandao ulivurugika nchini kote wakati watu walipouhitaji mno. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema tuchague kimoja. Nyumba yenye njia mbili ni ngumu kuizimia kuliko yenye njia moja, na mtu wa Kipsongo ana haki ya njia mbili kama mtu wa Milimani.

Erial nayo inahitaji mtu wa kuilipia upande wa pili. Chaneli ya bure inaishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo yanahamia Facebook, YouTube na TikTok. Vyombo vikubwa vimekuwa vikipunguza wafanyakazi mwaka baada ya mwaka. Kabla ya dijitali stesheni kubwa ilikuwa na mlingoti wake. Sasa stesheni ndogo inamlipa msambazaji mawimbi kila mwezi, ipende isipende, iwe na tangazo isiwe nalo. Magharibi ya Kenya na Trans Nzoia tuna redio zetu zinazotuzungumzia. Sulwe FM inatangaza kwa Lubukusu, West FM iko Bungoma, Imani Radio iko Kitale. Redio hizo zinaishi kwa sababu gharama ya redio inabebeka. Televisheni ya kiwango hicho, yenye kuonyesha bei ya mahindi sokoni na kikao cha bunge la kaunti, haiwezi kusimama kwa ada za leo za usambazaji. Kwa hiyo mtazamaji wa Kipsongo anapata bure mambo ya Nairobi, na ya kwao hayapati kwa bei yoyote.

Tanzania ina somo hapa. Agosti 2018 mamlaka ya mawasiliano ya huko ilizizuia kampuni za setilaiti, zikiwemo Azam na MultiChoice, zisibebe chaneli za bure za ndani, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuziruhusu. Kisheria hoja ilikuwa na msingi wake. Kwa mtu wa kijiji kisichofikiwa na mitambo ya ardhini, maana yake ilikuwa moja tu: taarifa ya habari ilitoweka kwenye kioo chake. Uamuzi wa Mahakama yetu ya Juu wa mwaka 2014 ulikuwa bora kwa mtazamaji. Uhakikishwe pia kwa dikoda iliyoisha muda, ili chaneli za bure zibaki zikionekana hata pesa ya mwezi ikikosa.

Yanayohitajika mengine si makubwa. KBC na Signet ziwekewe wajibu, kwa ramani inayochapishwa, wa kufikisha mawimbi nyuma ya Elgon na Cherangany kabla ya kuongeza chaneli nyingine Nairobi. Stesheni ya kaunti ipunguziwe ada ya usambazaji kwa miaka yake ya kwanza. Leseni ya waifai ya mtaa itolewe katika ofisi ya kaunti, kwa bei ambayo mwenye kibanda cha mpira anaweza kuilipa kwa faida ya wiki moja, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuiomba. Na kila duka la televisheni mjini Kitale, Kimilili au Bungoma liwe na erial iliyofungwa, limwonyeshe mteja chaneli za bure zikiwaka kwenye televisheni anayoinunua, kabla hajaonyeshwa dikoda yoyote ya kulipia.